Viko Thelathini na Kimoja vya Mchora Ramani

Ndugu, jamaa na marafiki, baba yetu tuliyemleta hapa leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tano wa fundi cherehani na wa kwanza kuvuka utoto. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari, na mwaka 1971 akahitimu chuo cha ufundi akiwa mchora ramani.

Alitumikia idara ya upimaji ardhi miaka thelathini na minne, dawati lile lile la dirishani. Huko alikutana na mhandisi mmoja Mwairishi aliyezoea kuvuta kiko huku akikagua michoro. Alipoondoka, mwaka 1974, mhandisi alimwachia kiko chake: kichwa cha mti wa kahawia, pete ya fedha shingoni, kazi ya mafundi wa kwao Ayalandi. Marehemu akanogewa. Tangu hapo hakutaka kiko cha nchi nyingine. Alivitafuta minadani, kwa mabaharia, hata kwa barua. Kazini wakambatiza Bwana Moshi.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, aliyemtangulia mwaka 2016. Mama hakupenda moshi hata chembe, lakini walipotimiza miaka kumi ya ndoa alimletea kiko cha Ayalandi alichokisaka mwaka mzima.

"Kavutie nje," alimwambia, "na ukirudi usiniguse."

Baba alicheka hadi machozi. Kila Jumapili alitandaza gazeti mezani, akavisugua kimoja kimoja, akatuita wanawe tufumbe macho tukisie kipi ni kipi kwa kunusa.

Februari 2022 chakula kilianza kumkwama. Daktari alisema ni saratani ya koo. Baba alitoa kiberiti mfukoni, akakiweka juu ya meza ya daktari, akakiacha pale pale. Viko vyenyewe aliendelea kuvisugua.

Jumapili tarehe 3 Aprili, binti yake mkubwa, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu, aliingia sebuleni akakutana na harufu ya tumbaku. Hakuuliza. Baba akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, binti huyo alivibeba viko vyote thelathini na kimoja, akaviteketeza nyuma ya nyumba.

Baba alipoamka aliita, "Mwanangu, viko viko wapi?"

"Nimevichoma, baba. Vinakuua."

"Sijavuta tangu siku ile ya daktari. Ni miti tu hiyo, inanuka." Akaitazama meza tupu. "Hata cha mama yako?"

"Vyote."

Alikaa taratibu, kama mtu asiyekiamini kiti. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Upasuaji wa mwezi Mei ulimwondolea sauti, akawa anaandika kwenye daftari. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba msamaha. Aliandika: "Tutaongea nikirudi nyumbani." Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 16 Juni 2022, saa nne asubuhi.

Daftari nimelisoma lote. Ameomba maji, ameomba mto mwingine, ameuliza habari za wajukuu. Jibu langu halimo.

Marehemu ameacha dada yake mdogo, watoto watatu na wajukuu saba.

Utulie sasa, baba. Usijisumbue tena kunijibu.