Hiram Wekoye, Fundi Aliyetoa Meza Nje

Hiram Wekoye alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Matulo, karibu na Webuye. Alisoma hapo Matulo hadi darasa la saba. Alitahiriwa Agosti 1972, siku moja na Wabomba, yule aliyekaa hapo mbele na fimbo yake. Kwetu Wabukusu, waliotahiriwa pamoja ni bakoki. Mukoki wako anaweza kukutukana mbele ya watu na huna ruhusa ya kukasirika.

Mwaka 1975 alijifunza kutengeneza redio mjini Bungoma. Tulioana Desemba 1980 kwetu Naitiri, na mwaka 1983 akafungua karakana yake Kitale. Redio ilikuja kwake imekufa, ikarudi nyumbani ikiimba.

Mimi mkewe, Nasambu, sikusoma. Nimesema, binti yetu Judy ameandika. Yanayofuata marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe, vijana wasikie.

Watu walileta deki za video zikiwa na kanda zilizokwama ndani, nyingi za uchi. Alizitazama akipima deki, kisha akaendelea kuzitazama hata deki ikishapona. Siku moja mwaka 2003 nilimpelekea chakula cha mchana, nikakuta amejifungia na kanda zake. Nilirudi Naitiri. Mashemeji wakanifuata: "Si ni picha tu, bana! Ati ameleta mke wa pili?" Miaka mingi nililala na mgongo wake, nao wananiambia ni picha. Nikawaambia wazitundike sebuleni kwao, kando ya kalenda ya kanisa.

Hiram alitaka nirudi, lakini kuacha kulimshinda. Akamwambia Wabomba siri yake, akidhani atapata faraja. Alikosea. Jumamosi, katikati ya soko la Kitale, Wabomba alipaza sauti: "Wewe fisi! Leo macho yamekula nini?"

"Yamekula vumbi tu, mukoki."

Watu walicheka bila kujua. Tangu hapo aliulizwa kila wiki, na hakutaka kumdanganya mukoki wake. Alitoa meza ya kazi nje kwenye veranda, kila mpita njia amwone. Kanda iliyokwama aliitoa mteja akiwa amesimama hapo, akamkabidhi papo hapo. Tamaa ikimjia, aliacha bisibisi akaenda kwa Wabomba kupukuchua mahindi. Alisema, "Ni kama mvua ya Kitale. Ukipata pa kujikinga, inapita." Miaka hiyo hakuna boma Trans Nzoia lililomaliza kupukuchua mapema kama la Wabomba.

Nilirudi Krismasi ya 2004. Mwaka uliofuata alianguka mara moja. Alikuja jikoni akaniambia mwenyewe, nami nikamrushia mwiko. Asubuhi alianza upya, na hakuanguka tena.

Oktoba 2008 alipatikana na saratani ya tumbo. Alilazwa Bungoma, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Machi 2009. Siku mbili kabla aliniuliza, "Mama Judy, umenisamehe?"

Nikasema, "Bado kidogo."

Alicheka mpaka nesi akaja kuangalia. "Usiharakishe," akasema. "Lakini ukimaliza, nijulishe."

Ameniacha mimi mjane wake, watoto wetu Judy na Kizito, wajukuu watatu, na Wabomba, ambaye sasa hana wa kumtukana.

Hiram, nimemaliza. Lala kwa amani.