Kombe Litaanza kwa Nani

"Kombe linaanza kwangu," Doreen Wasylyk alimwambia bwana mmoja asiyemjua kwenye basi la mji wa Moose Jaw, Kanada. Kila bingwa wa hoki ya barafuni hupewa kombe siku moja alipeleke atakako, na leo ilikuwa zamu ya Kellan, mshambuliaji aliyelelewa kwa Doreen misimu mitatu alipochezea timu ya vijana. Mlango wa gereji bado ulikuwa na mabonyeo ya mashuti yake, na mume wa Doreen alikatazwa kuubadilisha.

"Usijidanganye, mama. Mimi, kocha wake wa kwanza, ndiye niliyemtoa beki nikampeleka mbele, ana miaka saba," bwana yule alijibu.

"Uliona kipaji?"

"Alikuwa hawezi kuteleza kinyumenyume."

"Makubwa! Na hilo nalo unajisifia?"

"Wewe je? Kumpikia ndiko kumfundisha kufunga?"

Basi likasimama kupisha msafara. Juu ya gari la zimamoto, Kellan aliinua kombe, akatabasamu na pengo lake la meno.

"Umeona? Kanitambua!" walisema wote wawili.

Gari likakata kona, likaingia kwa muuza magari anayemlipa Kellan kwa matangazo.

"Hapo anapitia tu," Doreen alisema, akibonyeza kengele ya kushukia. "Ngoja niwahi nyumbani, asije akanikosa."