Alfonsi Nyumayo, Nduna Aliyeshinda Vita kwa Jogoo Mmoja

Marehemu Mzee Alfonsi Nyumayo alizaliwa Matimira, Songea, tarehe 15 Agosti 1919. Alikuwa mjukuu wa nduna, yaani jemadari wa Wangoni na msemaji wa mfalme kwa majirani. Damu haifichiki: hata mbuzi wa nyumbani aliwachunga kwa mistari, na dada yake Bernadeta alipigwa marufuku kuwavurugia safu.

Alisoma shule ya misheni Peramiho, akamaliza darasa la nne mwaka 1934. Mwaka 1940 akaingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapigana Burma, akarudi 1946 na cheo cha sajenti. Ndipo akaja Dar es Salaam, akawa mnyapara bandarini.

Mwaka 1951 alifunga ndoa na Yustina, binti wa Ukerewe, wakajenga Mtoni, Temeke. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulipofutwa, watu walikuja kumpa pole. Aliwaambia unduna haukuwa kiti, ulikuwa kazi, na kazi ingalipo. Miaka miwili baadaye wakamchagua balozi wa nyumba kumi.

Kazi yenyewe ilionekana Jumanne, tarehe 12 Juni 1973, siku ya kumzika mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao Mtoni. Mzee Nassibu, jirani Mngindo, mtani wa Wangoni, alijilaza kaburini kama ada ya watani ilivyo. Akasema bibi huyu alikuwa mchoyo, haingii mpaka aletwe jogoo. Shemeji Marselino, kaka wa Yustina, aliyefika jana yake tu kutoka Ukerewe, hakuyajua hayo. Kwao mtu hachezi na kaburi. Alimtoa Nassibu shimoni kwa ngumi.

Jeneza likiwa bado juu, Wangindo walikwishajaa uani kwa Nassibu na mapanga. Vijana wa Kingoni nao wakashika mikuki ya ngoma, wakangoja sajenti atoe amri. Akaitoa: kila mtu akae chini. Kisha akakamata jogoo, akaenda peke yake, akajinyoosha kizingitini kwa Nassibu na suti yake na nishani zake zote, akasema haondoki mpaka apewe chakula.

Nassibu, ameketi ndani ya mlango na jicho limevimba, akamtazama. "Babu yako alimteka bibi yangu, leo wewe unaniletea jogoo mwenye kipara?"

"Huyo bibi ndiye aliyenilea mie. Alisema kwenu ulimi mnao, jogoo hamna. Inuka, mtani, mama mkwe wangu yuko juani."

Nassibu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu zilizomuuma. Mapanga yakaegeshwa ukutani. Marselino alipiga goti kuomba radhi, naye akatozwa faini ya utani: kumbeba Nassibu mgongoni mpaka makaburini, watu wote wakishangilia. Mama akazikwa kabla ya alasiri, kwa heshima zote. Tangu hapo, palipotokota popote Temeke, aliyeitwa ni Alfonsi.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1982. Jumamosi, tarehe 3 Machi 1984, saa nne asubuhi, alifariki dunia barazani kwake, mkewe akiwa pembeni.

Ameacha mjane Yustina, watoto sita, wajukuu kumi na tisa, dada yake Bernadeta, shemeji yake Marselino na mtani wake Nassibu.

Lala, Nduna. Waliokusindikiza leo ni wa pande zote mbili, na hakuna aliyeshika panga. Mwenyezi Mungu akupe raha isiyo na mwisho.