Madamu Daphrose, Aliyeomba Naye Akaguliwe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Madamu Daphrose wa Biryogo. Ametutoka Jumanne. Kazi yake ilikuwa kulea walimu. Ndiyo, walimu! Alikaa nyuma ya darasa, akawasaidia wafundishe vizuri zaidi.

Turudi mwaka 1992, shule moja ya Nyamirambo. Kuna kijana Silvère, mwalimu wa majaribio. Ripoti ya Madamu ikiwa mbaya, kazi imekwisha. Sasa Silvère akafanya nini? Siku moja kabla Madamu hajaja kumkagua, akafundisha hesabu za sehemu, somo zima. Kesho yake, Madamu akiwepo, akalirudia! Anauliza nusu ya robo, mikono yote juu. Hata yule mtoto anayelalaga darasani amejibu, jamani!

Madamu akainama, akafungua daftari la mtoto. Somo lile lile. Tarehe ya jana.



Watoto walipotoka, Madamu akamuuliza: "Mwalimu, hii somo umefundisha nani? Watoto ao mimi?"

"Wewe, Madamu. Nilikuwa na hofu wataniuliza kitu sijui."

"Aa. Basi tunaanzia hapo."

Kwenye ripoti Madamu akaandika ukweli wote, akamwombea Silvère miezi mitatu mingine ya majaribio. Mkuu wa shule akawaka: "Huyu mwongo, aende!"

Madamu akajibu: "Mwongo gani anakubali haraka hivi?"

Na alikuwa na desturi yake. Ukikaguliwa naye, na wewe unamkagua. Akamkalisha Silvère pembeni, yeye akiongea na mwalimu mwingine. Silvère akaandika: "Madamu, unaongea sana. Mwenzako hakupata nafasi."

"Yewe! Silvère umenipiga!" Akacheka. Lakini mara iliyofuata alisikiliza zaidi.

Miezi mitatu ikaisha. Madamu yuko nyuma ya darasa, mtoto akauliza swali gumu. Silvère akavuta pumzi. "Sijui. Tutafute wote."

Madamu akaandika neno moja: abaki. Na Silvère alibaki, wasikilizaji. Alifundisha mpaka akastaafu.

Binti wa Madamu, Aurore, ameniandikia: "Hata nyumbani Mama alituuliza, leo nimekosea wapi? Na sisi tulikuwa na orodha!"

Aurore na familia yote, poleni sana. Mungu ampumzishe Madamu.

Nawe unayesikiliza, kama kuna watu unawaongoza, waulize leo umekosea wapi. Wakijibu, usijitetee.