Marehemu Aliweka Oili

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza niwasomee maisha ya fundi Eliezeri Lutengano, ambayo mengi yake mnayajua, na moja mnalijua vibaya.

Alizaliwa hapa Uyole tarehe 3 Mei 1929, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1947 akaanza kujifunza ufundi wa magari Mbeya mjini, tarehe 12 Septemba 1953 akamwoa Damari, wakajaliwa watoto watano, na tarehe 1 Julai 1962 akaajiriwa katika karakana ya malori Ipogolo, Iringa, ambako hakumwaga oili ya gari lolote bila kwanza kuisugua kati ya vidole na kuinusa.

Januari 1976 yaliletwa makopo ya dawa ya kusafishia injini, ya kumiminwa kwenye oili chafu kabla ya kuimwaga, marehemu akasema kwa injini changa haina neno, ila lori la dereva Jailos limeongezewa oili miaka sita bila kubadilishwa, dawa itabandua tope lote kwa mpigo na kuziba chujio, kwa hiyo sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe kwanza, isafishwe kwa mkono. Meneja, ambaye tunashukuru amefika na amepata kiti cha mbele, alimwambia mzee, dawa imetoka Ulaya, wewe umetoka Uyole, mafundi wakacheka, fundi mwenzake Sedekia akamimina, na baada ya kumwaga ule uchafu marehemu akaweka oili mpya, akafunga.

Tarehe 9 Februari injini ya lori lile ikanoki, ikagonga na kufa karibu na Makambako, akatumwa yeye kuifungua, akakuta oili imejaa na chujio limeziba kama limepakwa lami, lakini ripoti ikaandikwa kwamba fundi alisahau kuweka oili, mafundi watano wakatia sahihi, wa tano Sedekia, na marehemu akarudi Uyole na barua ya kuachishwa kazi ya mistari mitatu, na lile chujio ndani ya kitambaa. Hapa alitengeneza baiskeli zenu, nanyi mkamuuliza, fundi, leo umekumbuka oili? Alicheka nanyi. Nyumbani hakucheka.

Kifua kilimwanza Novemba 1977. Wiki ya mwisho Sedekia alikuja na kuku na kilo ya sukari, akamwambia mama Damari, shemeji, nilikuwa na watoto, na marehemu, ambaye naye alikuwa nao, akamsamehe, akaomba jambo moja tu, ukweli autamke mbele ya watu. Msiba ulipotokea Sedekia aliahidi kuutamka leo. Tumemtafuta tangu asubuhi, hayupo.

Alifariki tarehe 14 Agosti 1978, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliopika na kuchimba, hata mliotania, na wafanyakazi wenzake kwa shada lililoandikwa Fundi Wetu Mahiri, maneno ambayo yangeingia vizuri kwenye ile ripoti. Chujio liko mezani kando ya picha, halijaoshwa, kila atakayepita kuaga aliguse, akianza aliye kiti cha mbele.

Fundi Eliezeri, uliweka oili. Sasa pumzika kwa amani.