Ekzosi ya Mzee Gogo

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye anayepewa nafasi ya kuongea kwanza, maana anaweza kuanguka kabla hajamaliza. Mimi nashona nguo hapo pembeni, kwa hiyo sikio langu ni mwanakijiwe hata mikono ikiwa kazini. Asubuhi ile upande wa tofali alikaa Volteji, fundi wa pasi na redio, na miguuni pake kulikuwa na kitu amekifunika kwa kanga ya mkewe. Kilikuwa msumeno wa injini wa baba mkwe wake, Mzee Gogo, mpasua mbao. Mzee alimletea akilalamika kuwa umeishiwa nguvu, na asubuhi hiyohiyo angepita kuuchukua aende nao kazini.

— Nimeitoboa ekzosi, alisema Volteji.

— Ekzosi ya nani? aliuliza Waziri, ambaye hana ofisi wala kazi, ila huongea kama anazindua daraja.

— Ya msumeno. Hiki kidude cha ubavuni kinachomeza kelele za moshi.

Akafunua kanga tuone. Alituelezea alivyofunga jiliwa la kubania vyuma kwenye meza ya mkewe ya kupigia pasi, kule stoo nyuma ya jikoni, akang'oa kichujio cha waya, akatoboa kwa drili, kisha akasugua kwa tupa mpaka tundu likaingia kidole gumba. Vumbi la chuma lilifika hadi kwenye unga. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa anakunywa kahawa bila kitafunio.

— Na nguvu imerudi? nikamuuliza.

— Kelele imekuja. Nguvu sijui.

— Umefanya la maana, alisema Waziri. Injini ni kama mtu. Ukimziba mdomo atafanyaje kazi?

— Tatizo si injini, alisema Kamusi, ambaye swali halijawahi kumkuta hana jibu. Tatizo ni miti.

— Miti imefanya nini?

— Imezoea. Kakatwa babu yake, kakatwa baba yake, huyu wa sasa kazaliwa anaujua msumeno. Ukimkaribia tu, anakaza.

— Mti unakaza?

— Wewe ukiona sindano ya daktari hukazi?

Waziri hakukubali kuachwa nyuma. Akasema njama iko kiwandani: wanatengeneza nguvu kamili, nusu wanaifungia ndani ya ekzosi, ili ukichoka ununue msumeno wa pili. Volteji ameikomboa tu.

— Ingekuwa nguvu imefungiwa humo, ingetoka nguvu, alisema Kamusi. Imetoka kelele. Maana yake walifungia kelele, nguvu wamebaki nayo wenyewe.

— Jamani, mzee anakuja, alisema Volteji. Msumeno huu ndio unaomlisha. Akikuta nimeuharibu, ataona binti yake alimwoza kwa mtu wa bure.

Waziri alimshauri azibe tundu kwa waya wa kusugulia sufuria. Kamusi alimshauri aseme ulikuja hivyohivyo. Mama Buli, mwenye kahawa, alikuwa akimimina kimya, kisha akaweka buli chini.

— Kabla hujautoboa, uliuwasha?

— Niliuwasha.

— Ukawaje?

— Ulikata. Nilijaribu gogo, ukapita kama kisu kwenye sabuni.

— Sasa nani alisema hauna nguvu?

— Yeye mwenyewe. Alisema siku hizi haungurumi.

Tukatazama vikombe vyetu. Kila mtu pale kijiweni alikuwa anajua. Masikio ya mzee yalianza kuondoka taratibu, bila kuaga, na sisi tulichofanya ni kupandisha sauti. Shikamoo zetu zikawa za kuamsha mtaa. Yeye akatusifu kwamba vijana wa hapa wana heshima, wanaamkia kwa moyo. Hakuna aliyemwambia. Tulijisemea kuwa ni adabu, na kusema kweli ilikuwa rahisi zaidi kupiga kelele.

Akatokea kwenye kona, kofia mkononi.

— SHIKAMOO, tulimwamkia kwa pamoja, kama darasa.

— Marahaba, wanangu. Haya, mkwe wangu, umemfanyaje mgonjwa?

Volteji alisogeza msumeno mbele kwa mikono miwili na kurudi nyuma. Mzee akauweka chini, akaukanyaga mpini, akavuta kamba. Ulilia mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye mtaa huu. Vikombe vilicheza kwenye sinia, sindano yangu ikaingia kwenye kidole, na mtoto wa nyumba ya pili akaangua kilio.

Mzee Gogo alitulia, mkono juu ya mpini, uso ukimfunguka.

— Enhe, alisema akipaza sauti juu ya mlio. Huu sasa ndio msumeno wangu. Nausikia.

Alimshika Volteji bega akamwambia binti yake ameolewa na fundi. Volteji akashusha pumzi, na nilifurahi kwa ajili yake. Waziri alikuwa ameshaanza kusema kuwa wazo lilikuwa lake.

Ndipo mzee alipogeuka kutuangalia. Waziri alikuwa amebana masikio kwa viganja, Kamusi vilevile, Mama Buli amejiziba kwa ncha za mtandio. Mimi kidole changu kilichotoka damu kilikuwa ndani ya sikio. Mzee alitutazama mmoja mmoja, kisha akauzima msumeno.

— Mbona mmeziba masikio? Si ndiyo sauti yake ya siku zote?

Volteji akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Kamusi, na Kamusi akapuliza kikombe kisicho na kitu.

— Na zile shikamoo zenu, aliuliza mzee polepole. Mmekuwa mkinipigia kelele tangu lini?

Volteji alimjibu. Lakini aibu ilikuwa imemshika, akajibu kwa sauti ya kawaida. Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kidogo, akaendelea kusubiri jibu.