Mama Mwaga na Nyuzi Zake Mbili

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, na aliyejinyoosha kwenye kochi amsogezee mwenzake. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyetutoka mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na minane. Mtaa mzima ulimwita Mama Mwaga. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, na kusema kweli hakulistahili. Alilibeba miaka ishirini na sita bila kufungua mdomo. Leo mtasikia lilitoka wapi.

Habari hizi tumezipata kwa binti yake wa mwisho, mwalimu wa michezo katika shule ya msingi. Yeye naye ana jina lake, alilopewa na mama mwenyewe: Kiherehere. Alifika hapa studio mapema kuliko fundi mitambo wetu. Akakaa kiti cha kwanza, akahamia cha pili, kisha akasimama. Tukamwomba aache kuchezea waya wa maikrofoni. Akaacha, akahamia kwenye kifungo cha shati. Hivyo ndivyo alivyo tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa akiwa ameshachelewa mahali."

Basi twende nyumbani kwao. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na kamba ya nguo, Mama Mwaga alikuwa na matuta manne ya nyanya. Nyanya, wasikilizaji wapendwa, zina tabia ya wageni waliopanga njama. Zinakaa kijani wiki nenda wiki rudi, halafu zinaiva zote kwa mpigo. Ukizitazama tu, zinaoza. Kwa hiyo Mama Mwaga alizihifadhi kwenye chupa za kioo za lita moja, na kazi hiyo aliifanya kama anavyokata kitambaa cha mtu: kwa kupima, bila kubahatisha.

Alizichovya nyanya kwenye maji ya moto, kisha kwenye maji baridi, ganda likavuka kama soksi. Akaziponda, akazichemsha. Katika kila chupa viliingia kwanza vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau. Yale ya dukani, si ya kukamua. "Limau la kuchuma," alisema, "leo kali, kesho limelala. Mimi sitaki limau lenye mhemko." Nyanya zikafuata, akaacha nafasi ya upana wa kidole juu. Akafuta mdomo wa chupa, akaweka mfuniko mpya. Halafu chupa zikaingia kwenye sufuria kubwa, chini kumetandikwa kitambaa, maji yamezifunika kwa vidole viwili. Maji yakishaanza kuchemka kwa fujo, ndipo saa inaanza. Dakika arobaini na tano. Narudia kwa faida ya aliyekuwa anatafuta kalamu: arobaini na tano, tangu maji yachemke.

Sasa, fundi cherehani hawezi kukaa mbali na uzi. Limau likiingia, alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa. Dakika zikitimia, chupa ikapoa siku nzima, na mfuniko ukibonyezwa katikati usiruke, alifunga uzi mweupe. Mwekundu ni limau. Mweupe ni saa. Chupa yenye nyuzi mbili inaliwa. Yenye mmoja hailiwi, hata kama mgeni yuko mlangoni na njaa imemkunja.

Watoto walimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Alikuwa na jibu moja. "Chakula kilichooza kina adabu, kinabisha hodi puani. Lakini kuna sumu nyingine haina harufu, haina ladha, haina rangi. Inakaa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, inakusubiri wewe unayejiamini."

Kiherehere alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku moja nyanya zilikuwa nyingi, zikapikwa kwa raundi tatu, chupa nane kila raundi. Katikati ya raundi ya pili akaja bibi harusi kupima gauni, mwenye wasiwasi kuliko gauni lenyewe. Mama akaingia chumba cha mbele, pini mdomoni. "Kaa hapa," alimwambia binti yake. "Saa ile pale. Kazi yako ni kukaa."

Kukaa, wasikilizaji wapendwa. Kazi hiyo angepewa mtoto mwingine yeyote.

Nje wasichana wa mtaa walikuwa wakiruka kamba. Alisikia kamba ikipiga chini. Alisikia wakihesabu. Alitazama saa: dakika kumi na mbili. Akazunguka meza mara tatu, akatazama tena: kumi na nne. Akahesabu vigae vya sakafu, akahesabu upya kwa kuanzia upande wa pili. Ilipofika ishirini na nane, mguu mmoja ulikuwa tayari uani. Akazitoa chupa, akazipanga mezani, akapita mlango wa chumba cha mbele akisema, "Mama, zimetimia."

"Asante, mwanangu," mama akajibu kwa pini zake.

Kesho yake mifuniko yote ilikuwa imekamata vizuri. Mama akafunga nyuzi nyeupe, akazipanga chupa kabatini. Ishirini na nne, zote za kufanana kama sare za shule.

Siku mbili Kiherehere hakutulia, na safari hii haikuwa miguu. Alianza chakula akaacha. Alifungua kabati, akafunga. Akipita mama anamwuliza, "Unatafuta nini humo?" naye anasema, "Kijiko," ameshika kijiko. Siku ya tatu alimkuta mama akifunga chupa moja kwa gazeti. Ilikuwa ya jirani wa ukuta wa pili, aliyekuwa na mtoto mchanga.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ilikuwa ishirini na nane."

Mama akaacha gazeti. "Raundi ipi?"

"Ya pili."

"Chupa zipi?"

Kiherehere akatazama kabati. Mama naye akatazama. Chupa ishirini na nne nazo ziliwatazama, na hakuna hata moja iliyojitaja.

Hakumpiga. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kalete jembe." Wakachimba shimo nyuma ya kamba ya nguo. Mama akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akaanza kumwaga zote. Jirani akachungulia juu ya ukuta, mtoto begani.

"Jirani, unamwaga chakula?"

"Namwaga."

"Kimeharibika?"

"Sijui."

"Hujui, na unamwaga?"

"Ndiyo maana namwaga."

Kabla jua halijatua, jina lilikuwa limeshafika mwisho wa mtaa na kurudi. Mama Mwaga. Wengine walisema ni majivuno. Wengine walisema ni uchoyo wa hali ya juu, kwamba heri chakula kiliwe na ardhi kuliko na jirani. Kaka yake Kiherehere, aliyekuwa kidato cha pili, alipigania jina hilo shuleni mpaka akarudi na jino mkononi. Kiherehere alitaka kusema. Alimfuata mama yake kwenye cherehani, akasimama kwa mguu huu, akasimama kwa ule.

"Mama, niwaambie ni mimi?"

Mama hakuinua macho. "Jina hilo nitalibeba mimi, mabega yangu yameshapinda kwa cherehani. Wewe bado unakua. Ila siku nyingine ukitaka kuruka kamba, niite nije nikae mimi."

Basi. Hakulitaja tena.

Miaka ikapita. Kaka akawa fundi bomba. Kiherehere akawa mwalimu wa michezo, filimbi shingoni na saa ya kuhesabia mbio mkononi, akiwapigia kelele watoto wa watu waliotoka mstarini kabla ya wakati. Mama yao alipopata habari ya kazi hiyo alicheka mpaka akakaa chini.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, Mama Mwaga alipika nyanya kwa mara ya mwisho. Chupa tisa. Moyo wake ulisimama akiwa kwenye kigoda chake, mbele ya jiko. Aliyemkuta ni jirani yule yule wa ukuta wa pili, ambaye sasa ana mvi na mwanawe amekwishaoa. Alizima moto, akaita watu.

Wiki tatu baada ya mazishi, familia ilipanga kukutana nyumbani kwa mama ili kula pamoja. Mezani kulikuwa na zile chupa tisa. Nyekundu ajabu, zimetulia. Shingoni, uzi mwekundu. Uzi mmoja.

Kaka alikuja na sufuria na hamu yake. "Tunapika hizi," alisema. "Mkono wa mama wa mwisho. Kila mtu apate kijiko."

Kiherehere alikuwa akizunguka meza. "Hazina uzi mweupe."

"Bonyeza mfuniko. Umeona? Haurudi. Umekamata."

"Kukamata ni mfuniko. Saa je?"

Kaka akaiondoa aproni ya mama msumarini, akatia mkono mfukoni. Akatoa nyuzi nyeupe, zimekatwa urefu sawa. Akazihesabu mbele ya dada yake. Tisa. "Haya. Alikuwa anakwenda kuzifunga. Unataka akuandikie barua?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo Kiherehere alisimama, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Alizitaka nyuzi zile zimaanishe hivyo. Alitaka sana. Aliitamani ile ladha mpaka taya zikauma. Lakini alimjua mama yake: nyuzi zote, nyekundu na nyeupe, zilikatwa kabla ya kuwasha moto. Kukata si kufunga.

Akatoka, akagonga kwa jirani.

"Shikamoo. Siku ile, chupa zilikuwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Zilikuwa ndani ya sufuria, maji yanachemka. Nilizima moto, baadaye nikazitoa zisikae kwenye maji."

"Zilikuwa zimechemka kwa muda gani?"

"Mama yako alikuwa kwenye kigoda ameegemea ukuta. Ningetazamaje saa?"

Akarudi. Kaka ameshashika kifungulio, wajukuu wameshapanga sahani. Kiherehere akaweka kiganja juu ya mifuniko.

"Tunazifukia. Bila kuzifungua."

"Umeanza. Na wewe umekuwa Mama Mwaga."

"Mama Mwaga nilikuwa mimi tangu zamani," akasema. Akamweleza yote pale pale: kamba, saa, dakika ishirini na nane, chupa ya mtoto mchanga, shimo. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kifungulio kimening'inia mkononi. Ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye pengo la jino.

"Yaani hili jino," alisema, "ni lako."

"Ni langu."

"Miaka ishirini na sita napigania jina ulilolipika wewe."

"Sikulipika vizuri. Nilitoa mapema."

Wifi yake alicheka kwanza, kisha akajifunika uso na kanga. Kaka akaweka kifungulio kwenye droo, akasema, "Jembe liko wapi?" Fundi bomba, mnajua, mashimo ni fani yake. Alichimba refu kuliko lilivyohitajika, na hakuna aliyemwambia aache.

Siku hiyo walikula wali mkavu. Kaka analalamika mpaka leo.

Wiki iliyofuata nyanya za tuta la nne ziliiva zote kwa mpigo, kama kawaida yao. Kiherehere akawasha jiko la mama. Vijiko viwili vya limau la dukani, uzi mwekundu, chupa tisa. Akaitundika saa yake ya mbio ukutani, akakaa kwenye kigoda. Anasema hajawahi kukimbia mbio ndefu kama hizo. Kwenye dakika ya ishirini na nane miguu ilimcheza. Akaishikilia kwa mikono, akahesabu mpaka arobaini na tano.

Kesho yake akabonyeza mifuniko, mmoja mmoja, na akafunga nyuzi zile zile za mfukoni mwa aproni. Minane iligoma kubonyea. Wa tisa ulishuka, ukaruka: tiki. Chupa hiyo haikukamata. Aliipika siku hiyo hiyo, akampelekea jirani bakuli la kwanza, na yeye na kaka yake wakaila iliyobaki wamesimama, hata kiti hawakutafuta. Kaka akalamba kijiko akasema, "Limau limezidi kidogo." Dada akajibu, "Limau halizidi," kwa sauti ambayo wote wawili waliitambua.

Ukabaki uzi mweupe mmoja. Kiherehere alikuja nao hapa studio. Uko mezani, karibu na maikrofoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mikono yake imetulia.

Kwa mwanawe fundi bomba, kwa mwanawe mwalimu wa michezo, kwa wajukuu, na kwa jirani wa ukuta wa pili: poleni sana. Mama yenu apumzike kwa amani, amekaa vya kutosha kwenye kigoda kile. Nasi tuliobaki, kabla hatujambandika mtu jina juu ya ukuta, tujiulize alikuwa anamwaga nini, na kwa ajili ya mtoto wa nani. Na kama hapo kwako kuna sufuria inayochemka na miguu inataka kwenda nje, itazame saa. Bado. Kaa kidogo.